Konokono Hana Damu

Jumanne, 2 Aprili

Daftari jipya. Mwalimu Kalliroi anasema mwenye shajara ana kazi moja tu: asijifiche. Basi naahidi kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Hasa hayo.

Leo tumepata mgeni. Ni mmoja, lakini mwezi wa Aprili mmoja ni neema, maana vyumba vyetu vinne hukaa vitupu mpaka Juni. Anaitwa Bi. Torunn, ametoka Norwei, ana miaka sitini na mitatu. Alikuwa mkunga, sasa amestaafu. Anatembea milimani peke yake na fimbo mbili. Atakaa hadi Alhamisi ya wiki ijayo.

Mama alinituma nimuulize anakula nini, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho bora nyumbani. (Si sifa. Mama anajua maneno kumi, Bibi hajui hata moja.) Bi. Torunn akasema hali nyama. Samaki hapana. Mayai, maziwa, jibini — hapana. Hata asali. Chochote kinachotoka kwa mnyama. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akaongeza kwamba kila akienda likizo huishia kula saladi na chipsi.

Nikashuka jikoni kumwambia Bibi Garifalia. Nilidhani atanung'unika. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Kila siku?"

"Kila siku, Bibi. Miaka thelathini na mmoja."

"Basi huyo anafunga Kwaresma mwaka mzima. Na wala si wa dini yetu." Akapiga ishara ya msalaba. "Asali nayo hapana? Nyuki wamemkosea nini? Haya, si kitu. Saladi na chipsi! Mwambie akae."

Jumatano, 3 Aprili

Nimerudi shuleni nikakuta meza imejaa kana kwamba kuna harusi. Vichwa vya mboga ya artichoki, vibichi, vyenye limau. Maharage mapana yaliyochumwa asubuhi, bado kwenye maganda. Majani ya mzabibu yaliyoviringishwa wali na mnanaa, membamba kama kidole changu kidogo. Dengu za kuoka kwenye chungu na machungwa. Mboga za mwituni za aina tano, ambazo Bibi alizifuata mwenyewe kule juu, na goti lake lile bovu.

Bi. Torunn alitazama kila sahani, kisha akaniuliza polepole: "Nisichotakiwa kula ni kipi?"

"Hakuna," nikasema. "Ni Kwaresma. Sote tunakula hivi."

Aliweka uma chini. Aliniambia kwamba maisha yake yote yeye ndiye usumbufu wa meza — mwenye sahani ya peke yake. Hajawahi kuketi mahali ambapo watu wote wanakula anachokula yeye bila mtu kusema neno.

Kwetu hiki ni chakula tu. Nikiwa mdogo nililia nikitaka soseji. Leo nimekitazama upya, na nimeona fahari.

Ijumaa, 5 Aprili

Jana mvua ilinyesha. Kwa hiyo leo alfajiri Mjomba Manousos ameleta ndoo ya konokono, na Bibi amepika ngano ya kuparaza na konokono, kama kila mwaka. Hakuna kinachonukia vile. Nyanya, shamari, viazi, ngano ikinywa mchuzi taratibu.

Sahani ya mgeni Bibi aliitengeneza kando. Aliwatoa konokono wote, mmoja mmoja, kwa kijiko. "Wageni huogopa zile pembe," akasema. "Yule Mholanzi wa mwaka juzi aliinuka mezani, unakumbuka? Huyu wangu sitaki ashtuke." Akafuta ukingo wa sahani. Nikaibeba.

Bi. Torunn alikula sahani mbili. Akaomba mkate mkavu wa shayiri apanguse mchuzi. Akafumba macho. Akasema katika miaka thelathini na mmoja hajala kitu kama hicho, na nimwambie Bibi neno kwa neno. Nikamwambia. Bibi akasema, "Ah, ngano tu," na masikio yake yakawa mekundu.

Jioni tulienda kanisani, na Bi. Torunn akaja, akasimama nyuma kwa adabu. Tuliporudi, Bibi aliingia jikoni kuloweka adesi za kesho — na akaanza kuimba. Alikuwa hajaimba tangu Babu afariki, Januari ya mwaka jana. Mama alinishika mkono kwenye ngazi. Tulisimama pale mpaka akamaliza.

Jumapili, 7 Aprili

Jumapili ya Msalaba. Kila mtu ametoka kanisani na ua alilopewa na padri.

Mgeni aliomba ngano tena. Bibi akapika tena, akawatoa konokono tena. Sahani mbili tena. Halafu Bi. Torunn alileta kijitabu chake akaomba aandike mapishi. Bibi alinitajia, mimi nikatafsiri: ngano kiasi gani, kitunguu, nyanya, shamari kwa wingi, mafuta ya zeituni usiyahurumie. Katikati Bibi akaninong'oneza: "Konokono usiwataje, atashtuka bure. Huko kwao kwenye barafu atawapata wapi?" Sikuwataja. Niliona ni adabu.

Kisha habari kubwa. Bi. Torunn ana marafiki wanane, wanawake wote, na kila mmoja anakula kama yeye. Anataka kuwaleta Oktoba kwa wiki mbili, watembee asubuhi, na mchana Bibi awafundishe kupika. Awafundishe! Bibi, aliyeacha shule akiwa na miaka tisa!

"Niwafundishe nini mimi?" Bibi akasema. "Kumenya kitunguu?"

"Mama, wewe kubali tu," Mama akamwambia, kisha akapanda juu akafungua madirisha ya vyumba vyote vinne, ingawa baridi ilikuwepo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeahidi kuandika yote.

Baada ya shule nilimsindikiza Bi. Torunn njia ya chini, ile ya mashamba ya mizeituni. Nilimuuliza kwa nini aliacha nyama. Akanieleza kwa ufupi. Usiku mmoja alizalisha mwanamke shambani, mtoto mzuri, kila mtu akifurahi. Asubuhi akitoka akaona wanamchukua ndama aliyezaliwa juzi, na ng'ombe mama yake akiita, akiita. "Sikuapa mbele ya mtu," alisema. "Nilijiahidi tu. Na ahadi isiyo na shahidi, Rodanthi, inabidi uishike kwa nguvu zaidi."

Nilitaka niyakumbuke maneno hayo maisha yangu yote. Nilikuwa nikiyarudia moyoni yeye alipoinama ghafla.

Konokono alikuwa akivuka njia. Mkubwa, wa kahawia, kama wale wa ndoo. Bi. Torunn alimnyanyua kwa vidole viwili, akamvusha, akamweka juu ya ukuta wa mawe kwenye kivuli cha shamari. Akamwambia kitu kwa Kinorwei. Halafu akaniambia, akicheka kidogo: "Gari likipita, masikini."

Sahani mbili Ijumaa. Mbili Jumapili. Niliziona. Mimi ndiye niliyezibeba! Na haikunijia hata mara moja — naapa haikunijia — kwamba konokono ni mnyama. Ni konokono. Ni chakula cha mfungo.

Nikamwambia tumbo linaniuma. Tukarudi nyumbani.

Jumanne, 9 Aprili

Nilimwambia Bibi mapema, kabla ya basi la shule.

"Niliwatoa wote," akasema. "Hakula hata mmoja."

"Lakini mchuzi, Bibi. Walichemka humo."

"Konokono hana damu. Hana damu, hahesabiwi. Pweza hahesabiwi, ngisi hahesabiwi. Mama yangu alijua hivyo, na mama yake. Sasa wewe umesoma, umegundua kwamba tumekuwa tukivunja mfungo miaka mia tano?"

"Hafungi kwa ajili ya Kanisa. Anafunga kwa ajili yao."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya konokono, Bibi."

Alinitazama kama nimesema Kichina. Akageukia sufuria.

Nikitoka shuleni nilimpitia Padri Anestis, alikuwa akipalilia maharage yake. Nikamuuliza kwa jumla tu, bila majina: konokono ni mnyama?

"Kwa mfungo anaruhusiwa. Kwani wewe umekula wangapi?"

"Na kama mtu hali kwa ajili ya huruma kwa mnyama mwenyewe?"

Akaegemea jembe. "Huyo hahitaji ruhusa yangu, mwanangu. Huyo amuulize konokono." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nani amekula?"

Nikasema nina kazi ya aljebra.

Mama ndiye aliyeamua. Hakunifokea. Alinikalisha kitandani kwangu. "Lililoliwa limeliwa. Ukimwambia, utamwondolea uchungu gani? Utampa tu. Na bibi yako utamnyamazisha tena." Akaninyoosha kola. "Anaondoka keshokutwa. Bibi hampikii tena ile ngano. Basi."

Nikanyamaza. Naandika hapa: nilinyamaza, na sehemu yangu moja ilishukuru kwamba nimeamriwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Ameondoka. Bibi alimpa mfuko wa ngano aliyoiparaza mwenyewe kwa jiwe la kusagia la Babu. Walikumbatiana muda mrefu, watu wawili wasiojua neno moja la mwenzake. Kwangu Bi. Torunn akasema, "Wewe ndiwe uliyenifanya nieleweke hapa. Asante kwa uaminifu wako."

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumatano, 17 Aprili

Jana Bibi alipika ngano bila konokono. Hakusema kwa nini, wala hatukumuuliza. Mama alionja, akasema imekosa kitu.

"Najua," Bibi akasema. Akaila yote.

Ijumaa, 19 Aprili

Ujumbe wa Bi. Torunn umeingia kwenye simu ya Mama nikiwa mezani. Niliutafsiri kwa sauti, maana Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Anasema nyumbani kwake bado kuna theluji. Amepika ngano mara tatu. Haijatoka kama yetu. Marafiki zake wameipenda, lakini yeye anajua kuna kilichokosekana — kitu cha chini kabisa, kama harufu ya udongo baada ya mvua. Anauliza amesahau nini. Anaomba Bibi aeleze kila anachofanya, tangu mwanzo, asiache hata kidogo.

Bibi alicheka kwa fahari. "Bila shaka haitatoka, kwa kuwa hana —"

Akaishia hapo.

Mama akasema haraka, "Mwambie ni maji. Maji ya huku ni mengine. Au ni jiwe."

Nilishika simu bila kuandika. Bibi alivuta kiti, akaketi. Alikunjua mikono yake juu ya meza, akaitazama. Nikakumbuka namna alivyokuwa akiwatoa konokono, mmoja mmoja, kwa kijiko kile, na ukingo wa sahani akiufuta. Hakuna aliyewahi kunipikia mimi kwa uangalifu vile.

"Yule alimvusha njia," akasema hatimaye. "Ulinisimulia."

"Ndiyo, Bibi."

"Akamweka kwenye kivuli."

"Ndiyo."

"Mama, Oktoba," Mama akasema.

"Nimesikia Oktoba, Polikseni. Mimi si kiziwi." Halafu akaniambia: "Andika. Nilichofanya, kama nilivyokifanya. Usinipambe."

Nimeandika. Nimemwomba Bibi muda ninakili hapa kwanza, ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba niliandika vizuri zaidi:

"Mpendwa Bi. Torunn. Kilichokosekana ni konokono. Bibi aliwatoa kabla ya kukupa sahani, kwa sababu alidhani utaogopa pembe zao, lakini ngano ilikuwa imekunywa mchuzi wao. Kwetu konokono huliwa wakati wa mfungo, hana damu, hahesabiwi. Bibi hakujua kwamba kwako anahesabiwa. Mimi nilijua tangu Jumatatu ile, pale ukutani, nikanyamaza, na ukanishukuru kwa uaminifu. Hilo ni langu, si lake. Bibi anasema nikuambie kwamba amejaribu kupika bila wao na haijawa nzuri bado. Anajaribu uyoga wa kukausha kesho. Hajavua aproni, amekaa karibu na simu, na anataka jibu lako leo, hata liwe fupi. Nami pia nalitaka. Je, utaketi tena mezani petu?"