Kifuniko Ulichokigonga kwa Uongo

Mwaka umezunguka tangu tukuzike, mzee wetu, na mpaka wiki hii kifuniko kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kimegeuzwa uso ukutani. Aliyekigeuza ni mkeo. Siku ile aliporudi makaburini hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akakigeuza, akasema asimwone mtu anakigusa.

Wasiowahi kuingia kwetu wajue ni kifuniko gani. Sufuria yake ilitoboka zamani, ikatupwa, wewe ukakataa kifuniko kiende nayo. Ukakitoboa tundu, ukakitundika msumarini, ukachonga na mwiko wake. Tangu hapo, mwenye jambo lake jema, hata liwe dogo kama kisoda, akifika nyumbani anagonga, na wote waliomo wanaacha walichoshika wanampigia makofi. Mkeo aligonga alipotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Binti yako aligonga siku aliyomaliza zamu yake ya mapokezi bila kumjibu mteja hata mmoja ovyo, na mdomo wake unaujua. Mjukuu wako Kidoti aligonga kwa kuvaa kila kiatu mguu wake.

Karakanani nako, kwenye useremala wako, ulikuwa hivyo hivyo. Mlango mpya ukifungwa mara ya kwanza bila kukwaruza popote, kazi ilisimama, mafundi wakagonga nyundo mezani, wateja wakadhani mmepandwa na wazimu. Ulisema mtu anayengoja jambo kubwa ndipo afurahi atazeeka ana uso kama gunia tupu.

Sharti lilikuwa moja: hakigongwi kwa uongo. Kijana wako analikumbuka kutushinda sote. Alipokuwa shule aligonga kwamba kafaulu hesabu, kumbe kafeli. Hukumchapa. Ulikishusha kifuniko ukakiweka juu ya kabati, nyumba nzima ikapoa kwa ajili yake, dada yake akawa anamsonya kila anapopita. Ulipokirudisha ulimwambia, "Mwanangu, ukikosa, njoo useme umekosa, tutakaa nawe. Usitufanye tukupigie makofi ya bure."

Maneno hayo ni yako, mzee. Mkeo huyarudia akiosha vyombo, polepole, kama anayetafuta wapi aliyasikia vibaya.

Maana ulitoka hospitali siku moja umevaa shati lako safi la mikono mirefu, ukapita sebuleni bila salamu, ukagonga. Ukasema daktari kaona ni vumbi la mbao tu limekuchosha kifua, upumzike kidogo, utakuwa sawa. Mkeo alilitupa chini beseni la nguo akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kama tunaoza binti. Alikushika mikono mkacheza, yeye na magoti yake yale. Ulipokohoa ukakaa kwenye kigoda, ulicheka ukasema ngoma hii ni ya vijana. Naye akacheka.

Baada ya hapo ulianza kumfundisha. Kubadilisha mpira wa bomba linalovuja. Kukaza bawaba. Kushika randa na kuipitisha kwenye mlango wa jikoni, ambao mvua zikija huvimba ukagoma kufunga. Kila alipoweza kimoja ulimgongea kifuniko, na yeye alitamba kwa majirani kwamba uzeeni kapata mume mpya. Kumbe ulikuwa unamfundisha ujane. Alikuwa anapigiwa makofi ya kubaki peke yake, naye anainama kushukuru.

Halafu binti yako alipojifungua, wewe ndiye uliyemsukuma mkeo aende akamsaidie. Alisitasita, kikohozi chako hakikumpendeza. Ulimbebea begi mwenyewe hadi kituoni, ukamwambia akae mpaka mtoto ashike shingo. Alikaa. Alikuwa anamwogesha mjukuu na kumwimbia, huku siku zako zinaisha hapa, naye hana habari. Aliporudi hukuweza tena kuinua mwiko. Hilo ndilo tunalokudai, mzee, na si lingine: zile siku. Zilikuwa zake pia.

Gundi alijua. Huyo ni fundi mwenzako, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hakubanduka ubavuni mwako. Alileta vyombo vyako vya kazi msiba ulipokwisha, akavipanga mezani kimoja kimoja, mkeo akamuuliza ugonjwa ulikuwa umejulikana tangu lini. Gundi akajibu:

"Shemeji, aliniapisha. Alisema ukijua utaacha kucheka."

"Na wewe ukaja hapa," mkeo akamwambia, "ukakaa kiti hicho hicho, ukanitazama nikicheza."

Gundi aliondoka bila kumaliza chai.

Tumekaa hivyo mwaka mzima. Kijana wako kapewa kazi ya kudumu, akamwambia dada yake, alipokuja kututembelea, kwa kunong'ona uani kama aliyeiba. Kidoti kang'oka jino akalificha mfukoni. Hakuna aliyekatazwa kufurahi, ila kila tukimwona mama anakipita kile kifuniko bila kukitazama, tunaificha furaha yetu. Tulijiuliza: mangapi mengine uligonga ambayo hayakuwa ya kweli? Tukianza kuhesabu, hata ya kweli yanapauka.

Wiki hii mvua zimeanza. Mlango wa jikoni ukavimba ukagoma, kama kawaida yake. Kijana wako alitaka kumwita Gundi, mkeo akamwambia akae. Alitoa randa yako sandukuni, akaujaribu ulimi wake wa chuma kwa kidole, akaipitisha mara moja, akapuliza vumbi, akasukuma mlango, bado, akapitisha tena. Alichukua muda wake, unamjua. Mwisho mlango uliingia kwenye fremu bila sauti, kama kitabu kinachofungwa. Na ulipofunga, kifuniko kikawa mbele ya uso wake.

Kisha kijana wako, yule yule wa hesabu, akasema, "Mama, hili ni la kweli. Kama kuna mtu anajua tofauti ni mimi."

Mkeo alikigeuza. Alikifuta kwa ncha ya gauni, akachukua mwiko, akagonga mara moja tu. Tulipiga makofi. Yeye hakucheza.

"Sikukigonga kwa ajili yako, mzee," akasema. "Nimeugongea mlango."

Unakumbukwa na mkeo, binti yako, kijana wako, Kidoti na yule mdogo ambaye shingo ilishakaza na sasa anatembea, na mafundi wa karakana. Gundi pia. Mkeo bado hamjibu salamu vizuri, lakini amekubali aandikwe hapa.

Ulitupenda, hilo hatulibishi. Ulitudanganya, na hilo nalo hatulifuti. Tutakukumbuka siku zote, kwa yote mawili, mpaka tutakapokuja kukuuliza.