Yusuph Hakuunguza Amplifaya

Bigwa, Morogoro
11 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Gervas,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za Matombo, naweka dai langu wazi: fundi Yusuph hakuunguza amplifaya ya shemeji Frank, na hukumu uliyoitoa dhidi yake siku ile ya komunyo ya kwanza ya binti yake shemeji ilikuwa batili. Nitalitetea dai hili hadi mwisho. Sasa nikuulize kama mguu umepata nafuu, na kama mdalasini umekauka vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama, dada yako, anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Nimechagua barua kwa sababu kwa simu ningejitetea, ukacheka, tukaishia hapo.

Utakumbuka kwamba shemeji aliiweka mashine ya gemu sebuleni ili wageni washindane mpira, na alitaka kelele za uwanja zitoke kwenye spika zote tano, mbili zikiwa nyuma ya viti vya wazee. Yusuph alieleza kwa upole kwamba amplifaya ile ni ya zamani, haiwezi kupitisha picha ya mashine mpya namna ile. Kwa hiyo mashine iunganishwe moja kwa moja na televisheni, kisha sauti irudi kwenye amplifaya kwa waya wake mwingine. Nikapinga. Nilisema kanuni inataka kila kitu kipite kwenye amplifaya kwanza, nikanukuu nilichosoma, nikamwambia hii si kazi ya kufunga taa ya uani. Akajibu kwamba kanuni ni nzuri, kaka, ila amplifaya hii haijaisoma. Sebule nzima ikacheka.

Akafunga anavyojua yeye, na ikafanya kazi. Wewe mwenyewe ulishtuka mashabiki walipopiga kelele kisogoni kwako, ukageuka kutazama ni nani kaingia. Hapo Abdulmajid, mtani wetu, akapaza sauti kwamba msomi airudishe shahada yake chuoni wakaitie spika. Watu wakashika mbavu. Mtani hakasirikiwi, nami nikacheka pamoja nao. Lakini kicheko kile sikukisamehe.

Chakula kilipoitwa mlitoka wote uani, naye Yusuph akaenda kuswali adhuhuri. Mliporudi mlikuta harufu ya kuungua, na amplifaya imekufa. Shemeji akauliza kulikoni. Nikasema kwamba nilionya tangu mwanzo. Sikutaja jina la mtu. Sikuwa na haja. Ndipo uliposema, Mjomba, kwamba aliyesoma hadanganywi na waya, na kwamba fundi yule asikanyage tena nyumba yoyote ya ukoo wetu. Kwa mila yetu neno la mjomba ndilo linalofunga shauri, na shauri likafungwa. Mtuhumiwa hakuulizwa hata swali moja. Hata mwizi wa kuku husikilizwa kwanza.

Lakini naona hata hapa naikuza hatia yako ili yangu ipungue. Basi nisizunguke zaidi: aliyeiunguza ni mimi.

Mlipokuwa mnapakua pilau, nilichomoa nyaya za Yusuph nikazipanga kwa kanuni yangu. Katika kuivuta amplifaya mbele, nyaya za spika moja ya nyuma zilichomoka. Nikazirudisha kwa pupa, shaba ya mmoja ikigusa ya mwenzake. Picha haikutokea, kama alivyosema. Nikaongeza sauti, nisikie japo hiyo; ukatoka moshi. Nikaurudisha waya wa televisheni mahali alipouweka yeye, ili kosa lisomeke kuwa lake, kisha nikatoka kunawa mikono nile.

Yusuph aliporudi kutoka kuswali, aliinama nyuma ya amplifaya akaziona shaba zimegusana. Akainua macho akanitazama mimi peke yangu. Halafu akamwambia shemeji pole, akakusanya bisibisi zake, akaondoka. Wiki iliyopita nilikutana naye njiani nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Kaka, mama yako alikuwa amekushika mkono, anawaonyesha wageni mtoto wake aliyemaliza chuo. Ningeanzia wapi?"

Tangu siku ile hakuna nyumba jirani inayomwita. Kila mtu analirudia neno lako. Jumamosi ya wiki ijayo anahamia Dumila kuuza chaja kando ya barabara, fundi aliyeuelewa ule mtambo kwa kuutazama tu.

Hukumu iliyotolewa mbele ya watu haifutwi kwa kunong'onezana. Kwa hiyo nakutaka uje Bigwa Jumapili hii baada ya misa, uwaite wote waliokuwapo sebuleni, na Abdulmajid asikosekane. Nimetunza nakala ya barua hii. Nitaisoma mwenyewe nimesimama, mama akisikia, Yusuph akiwa amekaa kwenye kiti cha mgeni. Nikimaliza, anicheke anayetaka.

Msalimie mkaza mjomba na wote wa nyumbani. Usinijibu kwa barua, wala kwa simu, wala kwa kumtuma mtu. Nijibu palepale, mbele yao: neno la mjomba, likiwa limemwonea mtu, mjomba atalitengua au hatalitengua?

Mpwa wako mwenye aibu,
Kasiani