Kabla Sijaandika Ndiyo

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 3 Novemba

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Shemeji naye hajambo? Na mtoto, ameshaanza kutambaa au bado anawatuma tu? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Kidonda cha mama cha upasuaji wa koo kimepona na anakula bila shida. Sauti ndiyo haikurudi, na daktari ametuambia tusiingoje tena.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Ninayo sababu: siiamini simu yako.

Usicheke. Najua mnaniita Bwana Komeo, na mnasema nabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Lakini kazi yangu ni kufuli. Mtu akija dukani anataka nikamfungulie nyumba, hata akilia, simfungulii mpaka jirani aje aseme huyu ndiye mwenyewe. Wasiwasi ndiyo akili.

Unazikumbuka hadithi za mama nilizozirekodi kabla ya upasuaji. Ulinifundisha kwa simu jinsi ya kuzituma kwenye seva yako, ile mashine yako ya kuhifadhia vitu: fungua lile dirisha jeusi, andika amri, kwanza kitu kinakotoka, halafu kinakokwenda, na nisisahau nukta mbili baada ya jina la mashine. Ulinigombeza mpaka shemeji akanihurumia, akakupokonya simu. Zilipofika zote ukaniambia nizifute kwangu, kwa kuwa kompyuta yangu ni kuukuu na imejaa, na kwako ziko salama. Mimi, nisiyeuamini hata mlango wangu, nikazifuta, kwa sababu aliyesema ni wewe.

Siku hizi mama akitaka kusimulia hugonga kikombe kwa kijiko. Watoto wangu wanaitikia Pakawa kwa nguvu zote, kisha wote wanabaki kutazamana. Wiki iliyopita alinishika mkono, akagusa koo lake, halafu sikio. Nikaelewa kwamba anataka kujisikia.

Nikaenda dukani, nikaigeuza ile amri, kwako kwanza, kwangu baadaye. Kioo kikajaa onyo: utambulisho wa mashine hii umebadilika, huenda kuna mtu anafanya jambo baya. Hadithi haikuja hata moja.

Nikakutumia ujumbe. Jibu likaja: "Acha kwanza. Usiingie. Nitakwambia." Basi. Hukumuulizia mama, wala hukuniita Bwana Komeo. Wewe hata ukiwa na homa unaanza na utani. Nikapiga simu, akapokea shemeji, akasema uko kazini. Dada, nilikusikia ukikohoa nyuma yake. Kikohozi hicho nimelala nacho chumba kimoja utoto wangu wote.

Nikamwita fundi wa kompyuta wa duka la jirani aje atazame. Naye nilimchunguza mikono yake kwenye vitufe, usidhani nilimwacha tu. Akasema, "Kaka, hapa kuna mawili. Ama kuna mtu kajiweka katikati, ama mashine imefutwa ikaanzishwa upya. Ikianzishwa upya inapata utambulisho mwingine."

"Na vilivyokuwamo?"

"Kama mwenyewe hakuvihamisha kwanza, ndiyo basi tena."

Akanionyesha jinsi ya kuondoa utambulisho wa zamani, ili mashine iniulize kama naiamini hii mpya, nami niandike ndiyo. Nikamwambia aache hivyohivyo.

Nimelifikiria jambo hili kwa akili yangu ya kufuli. Mwizi angenihimiza niingie, ili nimpe neno la siri. Huyu ananizuia mlangoni. Anayekuzuia mlangoni ni mwenye nyumba, tena mwenye kitu ndani asichotaka ukione. Ndiyo maana naogopa, nakwambia bila kuficha. Nikipewa kuchagua, heri awe mwizi. Mwizi angalau atakuwa nazo.

Naona haya kukushuku, wewe uliyenibeba mgongoni. Kama nimekosea, nisute hadharani, nitakubali. Kama sikukosea, usijifiche nyuma ya shemeji. Mama hata akitaka kukugombeza, atakugombeza na nini?

Nijibu kwa mwandiko wako, ninaujua. Ninakilie ule mstari wa herufi na tarakimu unaoitambulisha mashine, niulinganishe na ninaouona huku kabla sijaandika ndiyo. Kisha uniambie neno moja tu, zipo au hazipo.

Mama nimemwambia mtandao unasumbua. Akanitazama kwa muda mrefu, akanigeuzia mgongo. Kumbe komeo nimelirithi kwake.

Msalimie sana shemeji, mwambie uongo haumpendezi. Mbusu mtoto kwa niaba yetu. Mke wangu na watoto wanakusalimu, na shangazi anauliza lini utakuja. Mungu awalinde nyote, awape usingizi mwema, na wewe akupe moyo wa kuniandikia.

Nilipokuwa nataka kufunga barua, mama amekuja kukaa kando yangu. Nimemsomea jina lako juu ya bahasha. Amechukua kijiko, amegonga kikombe, na sasa anaitazama karatasi hii. Tunakungoja uitikie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokushuku,
Bwana Komeo