Marehemu wa Mizani ya Asali

Dada Mwajuma, shikamoo. Hapa Itigi jua ni kali na chai ya asali nimeikinai.

Shangazi anaanzisha ofisi ya programu huria katika kampuni yao ya asali. Kila programu waliyoichukua bure mtandaoni lazima ijulikane ni ya nani na inatumika kwa ruhusa gani. Jana aliniwashia mizani ya kidijitali ya asali, kioo chake kikaandika: "Subiri, navuta pumzi." Programu ile, pamoja na maneno yale, niliiandika mimi, chumbani kwetu, kwa jina la uongo, nikaiweka mtandaoni. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuimaliza, na ruhusa nilisahau kuiweka.

"Huyu aliyeiandika programu hii hajibu barua pepe," shangazi akasema. "Nadhani ni marehemu. Kesho tunaiondoa."

"Mungu amrehemu," mpima asali akaitikia kwa sauti ya chini. Kwa aibu, nami nikasema amina.

Leo nimefungua anwani ya zamani ya lile jina la uongo nikamjibu: "Natoa ruhusa. Msiiondoe." Shangazi ameisoma, akajivutia mtandio kichwani. Kisha ameandika polepole: "Wewe ni nani?"

Tumekaa meza moja, dada, na bado sijainua uso. Niombee nipate sauti.

Mdogo wako akupendaye,
Salma