Shingo ya Kulungu

Kambi ya msituni, juu ya Amani
21 Mei 1956

Baba yangu, shikamoo. Natumai kifua kimepoa tangu Ramadhani. Mimi mzima, ila mvua ya huku haijui kupumzika na nguo hazikauki.

Uliniuliza kazi yangu. Bwana wetu, Mzungu mtaalamu wa wanyama, anataka kujua ni wanyama gani wanaoishi katika msitu huu. Mimi hutega, hupima, huchuna na kupaka ngozi dawa. Ngozi na fuvu huenda Ulaya, nyama yeye haitaki. Kwa hiyo msinunue mbuzi wa walima wa harusi ya dada Saleha. Kitoweo kitatoka kwangu.

Mwanao,
Uweso

Tongoni
28 Mei 1956

Mwanangu Uweso, marahaba. Kifua kimepoa, sasa miguu ndiyo inagoma. Saleha yuko ndani na kungwi wake, anakusalimu.

Nyama tutaipokea. Lakini hapa wanasema mwanangu anashika mizoga, hata nguruwe. Nimewajibu kuwa nilikulea mwenyewe. Usiniletee mnyama wa risasi wala aliyekutwa amekufa. Mkwe wetu Mzee Jaku, baba wa bwana harusi, ni mtu wa kuuliza.

Babako,
Mselem

Amani
5 Juni 1956

Baba, shikamoo. Sijambo, nanyi natumai hamjambo. Anayekuletea mzigo huu ni Abrahamu wa Muheza, dereva wa lori la machungwa.

Ni kulungu dume, nimemkausha kwa chumvi na moshi. Alikuwa hai mtegoni. Nilimwelekeza kibla, nikataja jina la Mungu, nikamchinja kwa mkono wangu. Kuleni kwa raha. Mimi sipati ruhusa ya kuja. Bwana ana hasira nami.

Mwanao,
Uweso

Tongoni
12 Juni 1956

Mwanangu, hujambo? Sisi wazima, na Saleha ameolewa, alhamdulillahi.

Mzigo ulifika mikononi mwa Mkristo, hauna kichwa wala shingo. Pilau ikapikwa, ikapakuliwa. Mzee Jaku akauliza mbele ya watu, "Nyama hii kachinja nani?"

Nikasema, "Uweso wangu."

"Uweso yupi? Huyu anayewavua nyani kanzu?"

Watu wakacheka. Nikatoa barua yako, nikaisoma. Akasema, "Karatasi haina shingo, Mselem."

Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaamuru pilau ifukiwe nyuma ya nyumba. Wageni wakala wali kwa mchuzi wa papa.

Nililinda heshima ya dada yako. Sasa niambie kweli: ulichinja?

Babako,
Mselem

Amani
30 Agosti 1956

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mu wazima.

Desturi ya kambi ni kumnyonga mnyama wa mtegoni, ili ngozi ya shingo isipasuliwe. Kulungu yule bwana alikuwa amemtafuta tangu kiangazi. Nilipopitisha kisu, bwana alikuwa amesimama karibu, ananikataza. Akaniuliza, "Unajua umeharibu nini?" Nikamwambia nyama ni ya baba yangu.

Kesho yake aliniondoa kwenye mitego. Tangu hapo nachota maji ya jikoni, na mwezi huu ukiisha na kazi imekwisha.

Umeniuliza kama nilichinja. Mzee Jaku alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye hanijui.

Uweso

Tongoni
3 Julai 1957

Mwanangu Uweso, hujambo huko uliko? Saleha hajambo. Mimi natembea kwa fimbo.

Barua zangu tatu hukuzijibu. Abrahamu anasema alikushusha Horohoro, unaelekea Mombasa, na hukumwachia neno. Nampa na hii, huenda akakuona.

Jana Mzee Jaku alikuja kunijulia hali. Nilimsomea barua yako ya Agosti mpaka mwisho. Akasema, "Mselem, mimi niliuliza kama tunavyouliza siku zote. Ungetia tonge mdomoni, sote tungekula."

Nimeona nikuandikie hilo, ingawa halinipunguzii kitu.

Babako,
Mselem