Mizigo Isiyowahi Kupanda Mizani

Dada Akinyi,

Nakusihi, haya usimwambie mtu, hata hao mnaolala chumba kimoja huko Doha. Mama mwenyewe hajui. Nikifutwa kazi, heri nifutwe nikiwa nimemaliza.

Unakumbuka kibanda chetu cha maji pale Nyalenda? Ulinipa daftari niandike mitungi iliyouzwa kila saa, nami nikaenda kuruka kamba, kisha nikajaza namba za kichwani. Ulitazama mara moja tu.

"We Atieno, umetunga!"

Nikaapa. Ukacheka. "Humu hakuna saa mbili zenye namba sawa. Anayetunga huogopa kurudia. Maji hayaogopi."

Dada, nimemnasa mtu kwa maneno hayo!

Ushirika wetu wa omena, hao dagaa wa ziwani, una vitabu viwili vya uzani. Cha Port Victoria huandikwa huku akina mama wanachama wakiwa wameikodolea mizani macho. Cha ghala la Kisumu huandikwa na meneja, peke yake. Nilichukua mizigo mia sita kutoka kila kitabu, nikatafuta uzani unaoishia kwa tarakimu mbili zinazofanana, kama kilo 344 au 277. Kwa bahati tu, hutokea kama mara moja katika kumi, yaani sitini hivi. Port Victoria nilipata hamsini na nane. Kwa meneja, saba! Nikajihoji mwenyewe, nikarudia kwa miezi mingine, nikafanya lile jaribio la takwimu tulilofunzwa chuoni. Bahati haiwezi kuleta saba. Ndipo nikatafuta stakabadhi za lori zilizoleta mizigo ya meneja. Hazipo.

Tumelipia mizigo hewa, na akina mama wameambiwa mwaka huu hakuna gawio.

Jana meneja alinikuta na kitabu chake. "Madam hesabu, hiyo kitabu unatafuta nini ndani?"

"Nanakili tu, Bwana."

Moyo ulikuwa unacheza!

Mkaguzi wa hesabu anakuja Jumatatu, nataka kumpelekea haya yote. Nimekutumia picha za kurasa. Kagua hesabu yangu, nisije nikamchafulia mtu jina kwa kosa langu. Usipige simu yangu, ni ya ofisi, na meneja huona walionipigia. Piga ya Mama Jumapili asubuhi, akiwa kwenye kwaya, nitabaki nayo. Akipokea yeye, muulize habari za kuku, ukate. Nikipokea mimi, sema neno moja: "Peleka." Ukisema "Ngoja," nitapeleka vilevile, ila kwa hofu zaidi.

Mdogo wako,
Atieno