Nimekataa Kulala Mbele ya Daktari Huyu

Alhamisi, mvua ya Novemba. Ni ile ya Bruxelles, hainyeshi sawasawa na haiachi. Niko nyumbani Etterbeek, mguu wa kulia juu ya mito miwili, na roho yangu, niseme ukweli, ni mbaya. Leo nimeiacha ibaki hivyo.

Jana nilipasuliwa goti. Hospitali yetu, chumba chetu, juu ya meza ambayo mimi mwenyewe ninaipanguza. Kazi yangu ni aide-soignante: ninapokea wagonjwa, ninawalaza vizuri, ninashika mguu daktari anapoupaka dawa. Kila mmoja ninamwambia, usiogope, utalala tu, hutajua kitu.

Na hofu yangu yote ilikuwa hapo. Hutajua kitu.

Mimi ninajua. Ninajua tunavyolala, mdomo wazi, shuka limepanda. Na ninajua anachosema daktari wetu wa magoti mgonjwa akishalala. Mikono yake ni mizuri kupita ya wote pale, ndiyo maana sikutaka mwingine. Mdomo ndio ungehitaji upasuaji.

Mapema mwaka huu alimtengeneza goti Maman Furaha, tunaimba naye kwaya moja kule Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini. Alipolala tu, daktari akainua paja lake akasema, hapa tungeomba winchi ya bandarini. Wakacheka wote. Mguu wenyewe ulikuwa mikononi mwangu. Maman Furaha alipopona, akaniletea sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli lenye kifuniko.

"Mupelekee na docteur kidogo," akaniambia. "Ule muntu iko na adabu sana."

Sikumpelekea. Nilikula yote, kwa hasira.

Donc goti langu lilipochanika ndani, nikajua la kufanya. Nilichagua sindano ya mgongo, ile inayoua miguu na kukiachia kichwa akili zake. Bahati, muuguzi wetu, mutoto wa Bukavu anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, alinishangaa akinifunika.

"Yaya, wenzako wanaomba kulala, weye unaomba kuona?"

"Kusikia," nikamwambia. "Kuona nilishaona."

Akaniletea écouteurs, zile za kusikilizia muziki tunazowapa wanaobaki macho. Nikazirudisha. Daktari alipoingia nikamwambia kwa Kifaransa changu cha Jumapili kwamba leo nitakuwa macho, nitasikia yote. Akatazama masikio yangu matupu. Akamtazama Bahati. Akaelewa.

Akaanza kazi kimya.

Utamu ule siwezi kuuandika. Pazia la kijani mbele ya uso wangu, na nyuma yake mtu amefungwa mdomo, na si kwa barakoa. Nilifurahi kama aliyemkuta mwizi wake amekwama dirishani.

Halafu nikakumbuka.

Daktari huyu hanyamazi. Anatania akifungua, anatania akishona. Ananyamaza kwa sababu moja tu: ameona ndani kitu asichokitegemea. Kimya chake wote pale tunakijua. Akinyamaza, Bahati anasogea bila kuitwa, na mimi ninaacha ninachofanya. Sasa nimelala chini ya kimya hicho na sina namna ya kujua: ananiogopa mimi, au anaogopa alichokikuta ndani ya goti? Na mimi bila goti sina kazi. Hakuna anayeinua wagonjwa huku ameshika fimbo.

Nikasikiliza. Maji yanapita mrijani. Chuma kinagusa chuma. Kisha viatu vya Bahati, vinasogea.

Alikuwa anachukua kitambaa, aliniambia baadaye. Baadaye haikunisaidia.

"Docteur, sema kitu," nikamwita.

"Nilidhani unataka kimya, Béatrice."

"Goti liko namna gani?"

"Liko vizuri. Limechoka kama mwenyewe, lakini liko vizuri."

"Bon. Basi endelea kusema. Hata ukinisema mimi."

Akauinua mguu kidogo. "Kisigino chako ni kama mkate wa juzi."

Bahati akacheka kwa pua. Na mimi, aibu gani hii, nikapumua. Kifua chote kikashuka. Mtu niliyekuja kumziba mdomo, nilimwomba kwa mdomo wangu aufungue, na nikamshukuru kimoyomoyo kwa kila tusi mpaka akashona.

Jana alishinda yeye. Ninaliandika ili nisije nikalisimulia vingine.

Asubuhi hii Maman Furaha amepiga simu. Ameomba nami, na akamtaja daktari, Mungu aibariki mikono yake. Nilisema amina, kwa sababu ya mikono.

Lakini nimelala na jambo hili mchana kutwa, na halijapoa. Kisigino changu kilisemwa nikiwa macho. Mimi ndiye niliyeomba, na ningetaka ningejibu, maana na yeye ana kipara cha kuzungumziwa. Maman Furaha hakuulizwa. Aliibiwa akiwa amelala, halafu akamletea mwizi sombe.

Siku ya kurudi kazini nitarudi. Najua hatakaa sana kabla ya kuanza tena. Na atakapofungua mdomo juu ya mtu aliyelala, sitanuna, sitacheka, sitangoja goti lingine lichanike. Nitamwambia palepale, mbele ya wote: Docteur, neno hilo lirudie akiamka.

Goti amelitengeneza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Ndilo nitakalosimamia siku hiyo.